Nilijiajiri Kama Walivyosema, Hii Hapa Hesabu Yake



Mwishoni mwa mwaka 2024 nilikwenda kwenye mahafali ya mdogo wangu. Mgeni rasmi akasimama, akafuta jasho, akasema yale maneno ambayo kila mmoja wetu pale angeweza kumalizia: serikali haiwezi kuajiri wote, vijana acheni kuchagua kazi, jiajirini. Wazazi wakapiga makofi. Akapanda gari la serikali, dereva wa serikali, mafuta ya serikali, akaondoka.

Mimi sikupiga makofi, ila pia sikubisha. Nina diploma tangu 2021 na barua za maombi ya kazi nimesambaza hadi mtu wa steshenari ananikopesha. Nikasema ngoja nijiajiri kweli, nifuate walichosema neno kwa neno, halafu nilete hesabu. Naandika sasa, biashara ikiwa bado changa na haijanitoa kokote, kwa sababu wanaoandika wakishatoka ndio wanaotuletea zile hadithi za "nilianza na buku kumi tu". Hawasemi shamba la baba liliuzwa lini.

Ninachouza ni ndoo ya mboga. Msicheke kwanza.

Dar yetu hii ukipanga chumba na sebule, uwanja wako ni hatua tatu kutoka mlangoni hadi kwenye mtaro. Huwezi kulima. Ukijaribu kwenye gunia au kopo, udongo wetu ni kichanga, maji yanapita kama kwenye chujio, na ukisafiri siku mbili unakuta mchicha umelala. Maji yenyewe tunayajua. Oktoba 2022, Ruvu iliposhuka, jiji zima liliingia kwenye mgao. Nani atamwagilia maua wakati dumu linatafutwa?

Kwa hiyo ndoo yangu ni ndoo mbili. Zote za lita 20, zile za mafuta ya kula, nanunua kwa wakaanga chipsi na kwa mama ntilie. Sigusi ndoo za rangi kwa sababu mtu atakula kinachoota humo. Ya chini ni akiba ya maji, ya juu ni ya udongo. Katikati naweka vipande vitatu vya bomba ili ya juu isizame hadi chini, pale inapatikana nafasi ya lita nne hivi. Ndoo ya juu natoboa kitako kwa msumari niliouchoma kwenye mkaa, halafu napitisha tambi za kitambaa zinazoning'inia majini. Kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta, huu unavuta maji na kupandisha kwenye udongo, mmea unakunywa kadiri unavyotaka. Pembeni kuna kabomba kembamba ka kujazia. Unajaza, unasahau siku nne, tano.

Hapo kwenye utambi nilijifunza jambo. Nilianza na vitambaa vya pamba, vikaoza baada ya wiki chache. Kitambaa cha nailoni nailoni, kile kinachobana jasho, hakiozi. Na mtaani kwetu kitambaa cha aina hiyo hakikosekani, kila baada ya uchaguzi tunaachiwa fulana za kijani nyumba hadi nyumba. Nimezikata nyingi. Naweza kusema bila chuki kwamba zinafanya kazi nzuri chini ya udongo.

Udongo nachanganya na samadi iliyooza vizuri na makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo yanashika maji na hapa Pwani watu wanayatupa. Matembele yanafanya vizuri kuliko vyote, unachuma yanarudi. Mchicha wiki tatu hadi nne tangu kusia unakula. Chainizi sawa. Nyanya zinataka jua ambalo vibaraza vyetu vingi havina, kwa hiyo mtu akiniuliza nyanya namwambia ukweli.

Nimekosea sana. Zile tatu za majaribio zilikuwa nzuri hadi masika yalipofika. Mvua ikanyesha siku mbili, ndoo ya chini ikajaa, ya juu ikawa supu, mizizi ikaoza. Sikuwa nimetoboa tundu la kumwagia maji yanayozidi. Tundu moja! Kosa la pili lilinikuta nikiwa nimeshauza. Bibi mmoja nyumba ya tatu kutoka kwetu alinituma mjukuu wake aniite. Nikafika, shikamoo bibi, akaitikia bila kunitazama, akasema, "Mjukuu wangu, njoo uone ulichoniuzia." Akainua ndoo ya juu. Chini humo viluwiluwi vya mbu vinacheza kama vipo harusini.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Sote tunakumbuka dengue ya 2019 hapa Dar, na yule mbu wa dengue anapenda maji hayo hayo: masafi, yaliyotulia, kwenye chombo cha nyumbani. Mimi nilikuwa nawauzia watu mboga na mbu kwa bei moja. Nilizunguka kwa kila mteja, moja baada ya nyingine, bila malipo. Kwenye tundu la kumwagia nikaweka kipande cha chandarua kuukuu, kwenye kabomba kifuniko, na pale ndoo mbili zinapokutana nikavuta mpira wa tyubu ya baiskeli uzibe mwanya wote. Sasa haitoki ndoo kwangu bila hivyo vitatu. Yule bibi baadaye aliongeza ya pili, na ndiye mpiga debe wangu mkubwa, ila kila mtu anamsimulia kwanza habari ya viluwiluwi.

Nimeeleza kwa kirefu ili ieleweke kwamba huku kwenye kutengeneza, kukosea na kurudia, sina malalamiko. Hiyo ndiyo kazi, na hakuna serikali ya kulaumiwa kwa tundu nililosahau kutoboa. Malalamiko yangu yanaanzia pale bidhaa ilipokuwa tayari.

Uzinduzi niliufanya Jumamosi ya kwanza ya Mei 2025, karibu na soko. Ndoo 12 zenye mboga zimesimama, mtu anaona anachonunua. Bei 18,000. Kabla ya saa nne nilikuwa nimeuza 7, moyo unanidunda. Saa nne mgambo wakashuka. Ndoo 5 zikapandishwa kwenye gari. Nikawafuata hadi ofisini kwao, nikaambiwa faini ni 50,000. Nikaomba namba ya kumbukumbu ya malipo nilipe kwa simu kama malipo mengine yote ya serikali yanavyolipwa. Jamaa akanitazama kama nimemtukana. Namba hakuna, risiti hakuna, hela mkononi.

Nikapiga hesabu pale pale. Ndoo mbili 7,000, bomba na vifaa vidogo 1,000, udongo, samadi na makumbi 2,000, miche 500, usafiri 1,000. Kila moja inanigharimu 11,500, kwa hiyo ndoo 5 ni 57,500. Kwa akili ya biashara ningelipa, ningebaki mbele kwa 7,500. Sikulipa, nikaondoka. Sijui mboga zile zililiwa na nani.

Mwezi ule wa kwanza niliuza ndoo 23. Faida ya kila moja 6,500, jumla 149,500. Toa zile 57,500 zilizopanda gari, nikabaki na 92,000. Huo ndio mshahara wangu wa mwezi wa kwanza wa kujiajiri, na sikuhesabu nauli ya kuzunguka kuziba mbu.

Sasa twende kwenye kodi, na hapa naomba umakini kwa sababu wengi wetu tunaibiwa na kutojua. Mauzo ya ndoo 23 ni 414,000 kwa mwezi. Miezi yote ikifanana, kwa mwaka ni 4,968,000. Jedwali la kodi ya makadirio lililowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019 linasema mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Ukivuka hapo hadi milioni 7 kuna njia mbili. Kama huna kumbukumbu za mauzo, unalipa 100,000. Kama unazo, unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwangu kilichozidi ni 968,000, asilimia 3 yake ni 29,040. Daftari la buku mbili linaniokolea 70,960! Nunueni madaftari, makamanda. Andikeni kila ndoo, kila chapati, kila vocha.

Ila angalieni kodi hiyo inahesabu nini. Inahesabu mauzo. Mwenye faida ya mia mbili na mwenye faida ya elfu sita, wakiuza sawa wanatozwa sawa. Muuza nyanya ambaye nusu ya tenga limeoza anahesabika ameuza. Sipingi kulipa kodi, na kijana wa upinzani anayedai barabara na dawa hawezi kupinga kodi. Nataka anayetoza ajue tofauti ya kuuza na kupata.

Na tusisahau tulikotoka. Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali, 20,000 kila kimoja, kwa wenye mauzo yasiyofika milioni 4. Wamachinga walipanga foleni, wakalipa, wakavivaa shingoni, wakaambiwa sasa hakuna wa kuwagusa. Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani hapa Dar, vibanda vikavunjwa. Mimi nilikuwa na kaka yangu pale. Kitambulisho bado anacho, anakitumia kufungulia soda.

Nisingeandika makala kwa ajili ya mgambo na kodi peke yake. Kilichonifanya niandike ni mkopo.

Mnaijua ile asilimia 10. Tangu 2018 ipo kwenye sheria, halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 ilisimamishwa, baada ya ripoti za CAG kuonyesha mabilioni yaliyokopeshwa na hayajarudi. 2024 ikarudishwa. Sisi tukaunda kikundi cha watu watano: mimi, madada wawili wa saluni, fundi bomba, na jamaa yetu wa bodaboda ambaye angesambaza. Mimi mwenyekiti. Tukaandika katiba ya kikundi, mihtasari ya vikao, andiko la biashara lenye hesabu hizo mlizosoma juu, tukafungua akaunti benki. Kikabaki kitu kimoja, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ni mzee wa watu, simchukii, alimzika bibi yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Karibu. Wewe si ndiye uliyekuwa wakala wa wale jamaa zenu pale shuleni, Novemba?"

"Ndiye mimi, mzee."

Akacheka kidogo, akaweka makaratasi yetu pembeni. "Sasa mnatupinga, halafu mnataka hela zetu?"

Nilirudi mara nne. Mara muhuri upo kwa mtendaji, mara mtendaji yupo kwenye semina. Wiki ya sita tulikaa kikao, na mmoja wa wale madada akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, usinielewe vibaya. Mimi nina watoto wawili. Kaa pembeni kidogo barua itoke." Wengine wakaangalia chini. Nikajiuzulu uenyekiti wa kikundi nilichokianzisha, cha kuuza kitu nilichokibuni, tukaandika muhtasari, nikasaini. Barua ilitoka baada ya siku mbili.

Wale madada siwalaumu hata chembe. Mimi nina chama, wao wana ada za shule. Lakini lile neno "hela zetu" sijalimeza hadi leo. Mapato ya ndani ya halmashauri ni ushuru wa soko, ni leseni, ni shilingi ya mama anayeuza dagaa ambaye hajawahi kuulizwa ana kadi ya rangi gani wakati anatozwa. Zikitoka mfukoni mwake hazina chama. Zikitakiwa kurudi zinapitia kwenye meza ya mtu mmoja, na katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchi nzima. Pigeni picha. Kila kijana wa upinzani anayetaka barua anakwenda kwenye meza ya namna hiyo.

Kwa hiyo mtu akikuuliza Katiba Mpya na tume huru zinahusiana vipi na ugali wake, mpe mfano wa mchicha wangu. Wagombea wetu wangapi walienguliwa kabla ya kura? Kila alipoenguliwa mgombea wa mtaa, kilienguliwa pia kikundi fulani cha watu watano kilichohitaji muhuri.

Tena kinachonishangaza, mipango mikubwa haikosi. 2023 ilizinduliwa ile ya Jenga Kesho Iliyo Bora, vijana wapelekwe kwenye mashamba makubwa huko Dodoma. Sina ugomvi na shamba la Dodoma. Lakini vijana wengi tupo mijini, tumepanga, na chakula tunanunua fungu fungu. Mboga ya kibarazani haina sherehe ya uzinduzi wala trekta la kupigia picha, ndiyo maana haina mfuko.

Ninachotaka tukidai ni kidogo na kinawezekana bila kusubiri 2030. Barua ya utambulisho ithibitishe jambo moja tu, kwamba mtu anaishi pale, na itolewe kwa siku zinazojulikana. Ikishindikana, kitambulisho cha NIDA kitoshe. Orodha ya vikundi vilivyoomba, vilivyopata, kiasi, na vilivyonyimwa na sababu, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata. Kama kuna vikundi hewa, majirani watavijua siku hiyo hiyo. Na kijana anayeanza apewe muda wa kuuza kabla ya kukimbizwa, aonyeshwe kabisa mahali pa kusimama, siyo kuonyeshwa tu asiposimama.

Na sisi wenyewe tusijitoe. Nilipoweka picha ya ndoo kwenye kundi letu la kata, kamanda mmoja aliandika: "Nchi inaungua wewe unauza ndoo." Watu wakaweka vicheko. Nilinyamaza siku ile, leo namjibu. Mikutano ya mtaa ikiitishwa, mapato na matumizi yakisomwa, sisi huwa tupo wapi? Tupo mtandaoni tunajibizana na watu wasiojulikana. Mkutano wa mwisho kwetu nilihesabu vijana wa chama chetu pale, tulikuwa wawili, na mmoja alikuja kwa sababu kuna turubai na mvua ilikuwa inanyesha. Kijana ambaye hana hata elfu kumi yake anayumba. Tumeona wangapi wakihamishwa kwa hela ndogo kuliko bei ya ndoo mbili zangu? Mwenye kibiashara chake anaweza kusema hapana na jioni akala. Chama kinachotaka wanachama wa kusema hapana kina sababu ya kujali ndoo.

Nataka basi kila tawi lichague watu wawili wa kufuatilia hiyo asilimia 10 kwenye kata yake, kwa jina la mradi na kwa namba, na kupeleka majibu kwenye kikao kama tunavyopeleka taarifa za uandikishaji. Hilo halihitaji kibali cha mkutano wa hadhara wala spika.

Kabla ya kutuma makala hii niliwasomea wale wenzangu wanne, kwa sababu maombi yetu bado yapo halmashauri na hayajajibiwa. Nilitegemea wangekataa. Fundi bomba akasema tuma, ila usiandike mtaa. Dada aliyeniambia nikae pembeni akaomba nirudie kusoma pale anapozungumza yeye, akakaa kimya, kisha akasema, "Ni kweli nilisema hivyo. Acha pabaki."

Pamebaki. Mkopo ukitoka au usipotoka nitawaambia hapa hapa.

Wiki hii nina oda ya ndoo 9 na nimeishiwa ndoo tupu. Aliyepo Dar mwenye ndoo za mafuta za lita 20, zisizopasuka, nanunua 3,500 kila moja. Vifuniko sihitaji. Fulana za kijani pia nachukua, hizo bure.